Meza ya Watu Watano

Mimi ndiye niliyeipanga ile safari, kwa hiyo lawama ni zangu na sitafuti mtu wa kugawana naye.

Kiangazi kilichopita mama alikuja Birmingham kutoka Kakamega kututembelea. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege, na mimi nilitaka arudi na hadithi za kuwasimulia akina mama wa kanisani mpaka wamchoke. Wenzangu kazini walikuwa wakiisifu bustani moja ya burudani, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari kutoka kwetu, yenye vile vigari vya reli vinavyowapindua watu vichwa chini, na hoteli yake humo humo. Unalala, unakula, unaamka unacheza tena. Watoto walikuwa wamenisumbua mwaka mzima. Basi nikakaa na simu yangu nikapanga kila kitu: chumba chetu, chumba cha mama, na kwa kila mlo, meza ya watu watano. Mimi, mume wangu, watoto wetu wawili, na mama. Nilijisikia mtoto mwema kupita wote duniani.

Mume wangu ni Mtanzania, mtu wa Tanga. Kwao sinia huwekwa katikati, watu wakalizunguka, na mgeni ndiye anayesogezewa minofu. Ana heshima ya kupitiliza. Siku tulipompokea mama uwanja wa ndege alimwendea mbio amenyoosha mikono yote miwili, shikamoo mama, karibu mama, na mama akakumbatia kibeti chake kifuani, akainamisha kichwa, akasema asante akiangalia viatu vyake. Mkono hakutoa. Nikasema moyoni, masikini, safari imemchosha.

Nyumbani kwetu Erdington mambo yalikwenda vizuri, au ndivyo nilivyodhani. Mume wangu anafanya shifti za usiku kwenye ghala moja huko Nechells. Mchana amelala, jioni anakula anaondoka. Akikaa mezani, mama alikuwa na shughuli kila mara: anaogesha watoto, anasali chumbani, anakunja nguo ambazo nilishazikunja. Mlango wa mbele ukishafungwa ndipo anashuka, anapasha chakula chake, anakula jikoni huku akiniuliza habari za kazi. Mimi nilikuwa nikimwambia, mama, wewe kazi hujui kuiacha, hata likizo unaifanyia kazi. Tunacheka.

Na kazi yangu mimi ni nini? Kulisha wazee. Niko kwenye nyumba ya kutunzia wazee upande wa Northfield. Napanda treni asubuhi nakwenda kuwaangalia mama za watu wengine kama wamekula. Nawajua wote wanaojifanya wanakula. Kuna anayesogeza mbaazi pembeni ya sahani, kuna anayekata nyama vipande vidogo vidogo asitie hata kimoja mdomoni, kuna anayezungusha kijiko kwenye uji mpaka uji unapoa. Haki ya Mungu, hakuna wa kunidanganya. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijigamba.

Jioni ya kwanza hotelini tulikula kwenye mkahawa uliojengwa kama meli ya maharamia. Milingoti, kamba, mapipa, wahudumu wamefunga vitambaa vyekundu kichwani, na mtu mmoja ndani ya vazi la kasuku anazunguka akikumbatia watoto. Mama akamkazia macho yule kasuku.

"Na huyu anauza nini?"

"Hauzi kitu, mama. Anafurahisha watu."

"Na wanamlipa?"

"Wanamlipa."

"Wee! Hii nchi."

Tulicheka wote, hata mume wangu, na nikaona likizo imeanza. Chakula kilikuwa cha kujipakulia. Kabla mama hajainuka, mume wangu alishaondoka, akarudi na sahani imejaa mpaka mchuzi unachungulia ukingoni: nyama ya kuoka, paja la kuku, viazi, karoti. Akaiweka mbele ya mama kwa mikono miwili.

"Karibu mama. Ule mpaka ushibe, hapa ni kwako."

Mama akashukuru. Akasali, sala ndefu. Akafumbua macho, akaitazama sahani, akaweka mikono mapajani.

"Nimekunywa chai nyingi njiani," akasema. "Nyinyi kuleni tu."

Mume wangu akaona labda nyama ni ngumu. Akamletea samaki. Mama akashukuru tena, akamsifu samaki, jinsi alivyo mweupe. Hakumgusa. Mwisho watoto wakammaliza yule samaki na mimi nikasema, mama bwana, chakula cha wazungu kimemshinda. Nililisema kwa mzaha, lakini ndani nilikuwa nimeanza kukereka.

Asubuhi ilikuwa hivyo hivyo. Soseji, mayai, maharage, mikate ya kila aina, na mama anataka chai tu. Mama ana kisukari. Vidonge vyake alikuwa navyo kwenye kibeti, na vile vidonge havimezwi juu ya tumbo tupu, najua mimi, yeye anajua, kila mtu anajua. Nikamuuliza, umekula kitu chumbani? Akasema alikula biskuti. Mume wangu tayari alikuwa amemwekea mayai mawili kwenye sahani na sasa anamkatia mkate, anaupaka siagi. Mama akaangalia dirishani.

Mchana tukaingia kwenye mkahawa mwingine ndani ya bustani, wa wachunga ng'ombe wa Kimarekani, wenye viti virefu vya kubanana kama vya gari moshi, meza katikati. Mama akasema yeye atakaa nje kwenye benchi, atatushikia mikoba.

"Mama, hapa hakuna anayeshika mikoba. Ingia."

"Kuna upepo mzuri hapa nje."

"Mama. Ingia tule."

Nikamwingiza yeye kwanza, kule ndani kabisa, karibu na dirisha, mimi nikakaa pembeni yake. Mume wangu akakaa upande wa pili, uso kwa uso naye. Yaani ningepewa kazi ya kumtengenezea mama yangu mtego, nisingeutengeneza vizuri kuliko ule. Chakula kikaja. Mume wangu akachukua kipande kizuri cha nyama kutoka sahani yake mwenyewe akakihamishia kwa mama, kama anavyowafanyia watoto, kama kwao Tanga mama yake anavyowafanyia wageni.

Mama akaokota chipsi moja. Akaishika. Ilikaa mkononi mwake pale hewani, kisha ikarudi sahanini.

Hapo ndipo nilipochoka. Nikamwambia kwa Kiluhya, ili mume wangu asisikie, na ukali wote niliokuwa nao niliutia humo: "Mama, unaniaibisha. Mwenzako tangu jana anahangaika na wewe kama mtumwa. Kama hutaki chakula chetu si useme tu?"

Macho yake yalijaa maji, akayaelekeza kwa watoto, akaanza kuwauliza kile kigari chekundu kinapinduka mara ngapi. Wale watoto wetu Kiswahili wanakisikia ila wanajibu kwa Kiingereza, na yeye Kiingereza chake ni cha kanisani, lakini waliongea mpaka mlo ukaisha. Mimi nikala chakula changu chote. Nakumbuka kwamba nilikimaliza.

Alasiri kwenye foleni ya mashua za watoto mama alishika chuma cha kuzuilia watu, akasema ngojeni kidogo, akakaa chini. Chini kabisa, juu ya lami, na nguo yake nzuri. Jasho lilikuwa linamtiririka na mikono inatetemeka, na mimi mtu wa kutunza wazee nikajua mara moja ni sukari imeshuka. Nikapiga kelele maji ya matunda, maji ya matunda! Mume wangu akakimbia akarudi nayo, akapiga goti, akamsogezea kikombe mdomoni.

Mama, katika hali ile, akageuka. Alikipokea kikombe kwangu, si kwake, akaupa uso wake ule ukuta wa plastiki wenye picha za pomboo, akatupa sisi mgongo, ndipo akanywa. Alikunywa kama mtu aliyetoka kuchimba kisima. Nikaliona hilo kwa macho yangu mawili, na bado sikuelewa kitu. Niliona tu kwamba rangi inarudi, nikamwambia, umeona sasa? Umeona ukaidi wako?

Jioni tukarudi kwenye meli ya maharamia. Mama alikaa kidogo, akasema anakwenda msalani. Alikawia. Nikaacha watoto na baba yao nikamfuata. Msalani hakuwamo. Nikapita ukumbi mwembamba wa nyuma, pale wanapoegesha vigari vya watoto wachanga, na nyuma ya mlango mzito wa ngazi nikamkuta.

Alikuwa amesimama ameelekea kona. Alikuwa anakula paja la kuku alilolifunga kwenye kitambaa cha karatasi, anakula haraka, mabega yanacheza. Mlango ulipolia akashtuka, akaficha mkono nyuma ya mgongo wake.

Mama yangu. Amenilea, amenisomesha, anaficha chakula nyuma ya mgongo kama mtoto aliyedokoa sukari.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakuja. Nakuja sasa hivi."

"Kwa nini huli mezani?"

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. Alikuwa anashangaa, kama mtu anayesubiri mwenzake aache utani.

"Nitakulaje mbele ya mkwe wangu?" akasema.

Woi, mama yangu. Nikashika reli ya ngazi.

Kwa sababu nilijua. Hilo ndilo lisilonitoka. Kwetu mama mkwe na mkwewe wa kiume hawashikani mikono, na hawali pamoja. Kutafuna mbele yake, kufungua kinywa mbele ya mwanamume aliyemwoa binti yako, ni kama kumvulia nguo. Sikuambiwa hayo na mtu, niliyaishi. Nyanya yangu, mzaa mama, baba alipokuja kumtembelea alikuwa anachinja kuku, anapika siku nzima, halafu anajificha nyuma ya jiko. Wakikutana njiani anaingia kwenye shamba la viazi mpaka baba apite. Na aliyekuwa akibeba sahani kutoka jikoni kumpelekea baba ni nani? Si mimi? Napeleka imejaa, narudisha ikiwa tupu, na nyanya anaigeuza geuza kwenye mwanga, anafurahi, anasema amekula vizuri. Sahani tupu ndiyo ilikuwa maongezi yao. Miaka nenda miaka rudi nilibeba sahani hizo kwa mikono yangu, halafu nikaja Uingereza nikasahau kabisa, kama mtu anavyosahau mwavuli kwenye basi.

"Kwa nini hukuniambia?" Hata sauti yangu niliichukia.

"Nilidhani unajua," akasema. "Si wewe ni mtoto wangu?"

Akaeleza polepole. Hilo la kulala chini ya paa la mkwe alikuwa amekwisha kulimeza, kwa ajili ya wajukuu. Aliliombea na akina mama wenzake kabla ya safari, wakakubaliana Mungu hatakasirika. Lakini kula, hapana. Kule Erdington aliweza, nyumba ina milango. Huku nimempeleka mahali ambapo kila mlo ni meza moja, viti vitano, na mkwe mwenyewe anamtilia chakula kwa mkono wake. "Yeye ni mtu mzuri sana," akasema. "Usimwambie kitu. Ataumia. Tumebakiza kesho tu, nitavumilia."

Nitavumilia! Na ile sukari yake! Nililia pale kwenye ngazi, na yeye, bado na mfupa mkononi, akanibembeleza.

Nikampeleka chumbani kwake, nikambebea sahani mbili zilizofunikwa, nikafunga mlango. Kisha nikamwita mume wangu nje ya mkahawa, nikamwambia yote. Nilimweleza mpaka za nyanya, jiko, shamba la viazi, sahani. Alisikiliza amesimama, kisha akakaa kwenye pipa moja la mapambo.

"Jamani," akasema. "Kumbe nilikuwa namfukuza mezani kwa mikono yangu mwenyewe."

"Hukujua."

"Mimi sikujua. Na wewe?"

"Nilisahau."

"Ulisahau mama yako anavyokula?" Hakulisema kwa ubaya. Aliuliza tu, kwa kutaka kujua. Mpaka leo najiuliza hilo hilo.

Asubuhi ya mwisho nilimwomba mhudumu meza mbili. Ya watu wanne, na ya mtu mmoja, mbali, kule nyuma ya mlingoti. Mhudumu, binti wa watu mwenye roho nzuri, akaniambia lakini ile meza ya watano iko tayari, ina nafasi ya kutosha. Nikasema najua. Akamtazama mume wangu, akanitazama mimi, akatuonea huruma. Binti yangu akaniuliza kwa Kiingereza chake kama tunaachana na baba. Nikamwambia hatuachani, baba anampa nyanya heshima. Akasema ni heshima ya ajabu. Nikamwambia kula.

Mume wangu alikaa kule mbali akatupa mgongo. Na mama akala. Ee bwana, mama alikula! Mayai, soseji, uyoga, mkate, akarudi kwenye bufee akaleta maharage, akala maharage, akauliza yale mengine meusi ni nini, nikamwambia ni damu ya nguruwe, akasema shetani ashindwe, akaenda akaleta mayai mengine. Alimeza vidonge vyake mbele yangu na kikombe cha maziwa. Akamtania mpaka kasuku. Nilimtazama nikitaka kufurahi, lakini kila tonge alilotia mdomoni lilinionyesha lile ambalo halikuingia jana na juzi, na nani alikuwa amekaa karibu yake akishindilia chipsi.

Halafu akaacha kutafuna. Alikuwa anaangalia juu ya bega langu.

"Yule hajala," akasema.

"Nani?"

"Mumeo. Tazama kiwiko chake. Anazungusha kijiko tu tangu alipokaa. Na jana usiku alikula?"

Nikageuka. Ule mgongo ulikuwa umeinama juu ya kikombe cha chai na sahani isiyo na kitu. Kijiko kinazunguka, kinazunguka. Jana usiku? Nilikuwa nimeshughulika na machozi yangu. Sikujua kama alikula. Mtaalamu wa vijiko mimi, nimedanganywa mara mbili katika safari moja, kwenye familia yangu mwenyewe.

Mama alikuwa amekwisha inuka. Akaenda kwenye bufee akachukua sahani mpya, akaikagua kama ni safi. Alipita kila chombo bila haraka. Hakutaka yai lililopasuka. Alichagua soseji zilizoiva pande zote, akaongeza viazi, akapanga nyanya mbili pembeni ili sahani ipendeze, akafuta ukingo kwa kitambaa. Akaja akanikabidhi.

"Mpelekee. Mwambie mama mkwe wako amekupikia."

"Mama, hujapika wewe."

"Wewe peleka."

Nikabeba ile sahani kupita katikati ya maharamia na vigari vya watoto na wazazi waliochoka. Nilikuwa nimewasahau watu wangu, lakini mikono ilikumbuka namna ya kuibeba, vidole chini, gumba mbali na chakula. Nikaiweka mbele yake nikamwambia maneno niliyotumwa. Aliinamisha kichwa juu yake, akafuta macho kwa kile kitambaa chenye mafuvu ya maharamia, akachukua uma.

Nikarudi nikakaa. Mama alijifanya anaongea na watoto, lakini kila baada ya neno jicho linakwenda kule nyuma ya mlingoti. Tulingoja. Chai yangu ilipoa.

Ndipo mume wangu, bila kugeuka, bila kutuonyesha hata sikio, akaishika sahani kwa mikono miwili akaiinua juu ya kichwa chake, juu kabisa, akaigeuza kuelekea kwetu ili ionekane haina kitu. Watu wa meza za jirani wakaacha kula, wakamtazama.

Mama akafunika mdomo kwa leso. Mabega yakatikisika, nikajua anacheka, kisha nikaona machozi, kisha sikujua ni kipi.

"Mwongezee," akaniambia.